Boney M. wako salama mtandaoni, je kanda za nyumbani kwako?

Mtoto wa darasa la saba amesimamisha simu kwenye stuli, amekunja mikono kifuani na anarusha miguu mbele kama alivyowaona wenzake wakifanya TikTok. Wimbo una kishindo cha kisasa. Baba yake, aliye jikoni akitafuta maji, anaudakia na kuuimba mpaka mwisho bila kukosea neno. Mtoto anaacha kucheza.

"Baba, hii umeijulia wapi? Si ya juzi tu?"

Si ya juzi. Ni ya mwaka 1978. Mwaka 2021 DJ wa Uingereza anayejiita Majestic aliuchukua wimbo Rasputin wa kundi la Boney M., akauongezea midundo, ukasambaa kwenye simu za watoto dunia nzima. Tangu hapo mazungumzo ya namna hii yamepita katika nyumba nyingi. Baba naye mara nyingi hakuwa amezaliwa wimbo huo ulipotoka. Aliurithi kwa mzee wake, yule ambaye picha yake ya ujanani inachekesha wajukuu: nywele za afro, suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni vilivyomwongezea kimo.

Mzee huyo, kama wengi wa rika lake, aliwasikiliza Boney M. kwenye kanda. Na kanda hiyo, kama haikutupwa siku ya kuhama nyumba, ipo mahali fulani: katoni iliyo juu ya kabati, sanduku la bati chini ya kitanda, au droo ya chini ya meza ya televisheni pamoja na chaja zisizo na simu. Juu yake pameandikwa kwa kalamu ya wino: "Boney M. – Side A." Upande wa pili mara nyingi hapana jina.

Ni huo upande wa pili ambao familia inapaswa kuuwahi.

Sauti za studio, sura za jukwaani

Lakini kwanza Boney M. wenyewe, kwa sababu mtoto atauliza, na kisa chao kina mambo ambayo mzazi angependa kuyajua kabla ya kujibu.

Kundi hili lilianza bila kundi. Katikati ya miaka ya 1970 mtayarishaji wa muziki wa Ujerumani, Frank Farian, aliingia studio peke yake akarekodi wimbo wa disko, akaimba mwenyewe sauti nene na hata zile nyembamba. Jina Boney M. alilipata kwenye tamthilia ya televisheni ya Australia iliyohusu mpelelezi aitwaye Boney. Wimbo ulipoanza kupendwa na televisheni kutaka kuona waimbaji, Farian hakuwa na wa kuwapeleka, ikabidi atafute watu.

Waliopatikana na kudumu walikuwa wanne, wote wenye asili ya visiwa vya Karibiani na waliokuwa wakiishi Ulaya: Liz Mitchell na Marcia Barrett wa Jamaika, Maizie Williams wa Montserrat, na Bobby Farrell wa Aruba, yule mwanamume wa kucheza kama mwenye mashetani. Mwaka 1976 wimbo Daddy Cool ukawafungulia Ulaya. Mwaka 1977 ukaja Ma Baker. Mwaka 1978 ulikuwa wao: Rivers of Babylon, Rasputin, na kufikia Desemba wimbo wa Krismasi Mary's Boy Child, uliokwenda namba moja Uingereza. Rivers of Babylon na huo wa Krismasi, kila mmoja uliuza nakala zaidi ya milioni moja katika nchi hiyo peke yake.

Kwetu huku wimbo wa Krismasi ndio uliobaki hai kuliko yote. Ikifika Desemba mosi haukwepeki, uwe supamaketi, saluni au ndani ya matatu. Hata wasiosherehekea sikukuu hiyo wanaufahamu kwa kuusikia dukani.

Sasa linakuja lile ambalo wengi hawakulijua kwa miaka. Waliokuwa wakisikika kwenye santuri hawakuwa wote wale waliokuwa wakionekana jukwaani. Liz Mitchell na Marcia Barrett waliimba kweli. Sauti ya kiume iliyokuwa ikinguruma ilikuwa ya Farian, aliyeketi studio, huku Farrell akichezesha midomo mbele ya kamera. Maizie Williams naye hakuimba katika rekodi za vibao vikubwa. Miaka kadhaa baadaye Farian alirudia mtindo huo kwa kundi jingine, Milli Vanilli, na hilo likaishia kwa aibu: mwaka 1990 vijana wake wawili walinyang'anywa tuzo ya Grammy ilipobainika kuwa hawakuwa wameimba. Mzazi anayepata shida kumweleza mtoto kwamba si kila sauti inayotoka kwenye video ni ya anayeonekana, ana mfano wa zamani wa kuanzia.

Farrell alifariki Desemba 30, 2010, katika jiji la St Petersburg, Urusi, alikokuwa amekwenda kutumbuiza. Ni jiji hilohilo, na tarehe hiyohiyo kwa kalenda ya sasa, ambako Rasputin mwenyewe aliuawa mwaka 1916. Watoto wanalipenda sana jambo hili. Farian alifariki Januari 2024.

Vibao 20 kwenye sahani moja

Wengi waliokuwa na kanda ya Boney M. hawakuwa na albamu hii au ile. Walikuwa na mkusanyiko. Mwaka 1980 ilitoka santuri iitwayo The Magic of Boney M., yenye vibao 20 vya miaka minne iliyotangulia, na ikashika namba moja Uingereza. Kwa mtu wa kipato cha kawaida mkusanyiko ni hesabu nzuri: unalipa mara moja, unapata vyote vilivyovuma.

Ila kuna kilicholipwa kimyakimya. Santuri ni sahani yenye mfereji mmoja unaozunguka toka ukingoni hadi katikati, na upande mmoja unabeba muziki wa dakika 20 na kitu. Ukizidisha, mifereji inabanana na sauti inanywea. Nyimbo 20 za disko kwa urefu wake wa asili haziingii, kwa hiyo nyingi zilikatwa: utangulizi ukapunguzwa, ubeti ukaondoka, mwisho ukafifishwa mapema. Vijana wa Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura waliojifunza nyimbo hizo kutoka kwenye mkusanyiko walijifunza zile fupi, wakadhani ndizo zenyewe.

Halafu santuri yenyewe haikuwafikia wengi. Iliyowafikia ni kanda. Kampuni ya Philips ilileta kaseti mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1980 kila mtaa ulikuwa na kibanda ambako fundi mwenye deki mbili alikurekodia unachotaka. Ulikwenda na kanda tupu, ya dakika 60 au 90, pamoja na orodha ya nyimbo kwenye kipande cha karatasi. Kanda ya dakika 60 ni dakika 30 kila upande. Wimbo wa mwisho ulikatika katikati ya neno, na hadi leo wapo watu wazima ambao wakiusikia wimbo huo redioni, akili zao zinasubiri ukatike palepale.

Nafasi iliyobaki haikuachwa bure, kwa sababu kanda ilikuwa na thamani. Ndipo ukasikia baada ya Boney M. kuna kipindi cha salamu kilichorekodiwa redioni, nusu ya mahubiri au kaswida, mtoto akisoma shairi la shule, harusi ya shangazi. Na katika nyumba zenye ndugu wa mbali, kuna barua ya sauti. Aliyekuwa Muscat, London au Lubumbashi alitumiwa kanda badala ya karatasi, hasa na mzazi asiyejua kuandika. Bibi aliketi mbele ya redio kaseti, akabonyezewa vitufe viwili kwa pamoja, akaanza kwa kuita jina la mwanawe kana kwamba yuko chumba cha pili.

Wimbo wetu kwenye santuri yao

Kuna wimbo mmoja wa Boney M. ambao haupo kwenye mkusanyiko ule wa mwaka 1980, nao ndio unaotuhusu zaidi. Mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya mkusanyiko kutoka, kundi hilo lilirekodi Malaika. Ndiyo, Malaika hiyohiyo ya Kiswahili, wakaitoa kama santuri ndogo na kuiweka kwenye albamu ya Boonoonoonoos.

Haikuwa mara ya kwanza wimbo huo kusafiri. Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akaubeba duniani, na mwaka 1965 ukawemo katika albamu yake na Harry Belafonte. Nani aliutunga ni ugomvi wa muda mrefu. Fadhili William ndiye aliyetambulika kisheria zaidi, lakini wapo wanaomtaja Adam Salim, na madai mengine hayajaisha hadi leo. Fadhili alifariki Nairobi mwaka 2001.

Sasa fikiria mtoto anayeutafuta wimbo huo kwenye simu. Anayekuja juu kwenye orodha anategemea nani ana wasikilizaji wengi. Anaweza kupata faili limeandikwa "Malaika – Boney M." na kuishia hapo, akaamini kwamba Wajerumani walitutungia wimbo wa kuposa kwa lugha yetu. Faili halidanganyi, kwa maana walioimba humo ni kweli Boney M. Tatizo ni kwamba faili lenye maneno mawili halina nafasi ya Nairobi, wala ya Fadhili, wala ya huo ugomvi.

Yaleyale yalimkuta mwingine. Rivers of Babylon, wimbo ambao makwaya huuimba kwa sababu umetoka katika Zaburi ya 137, haukutungwa Ujerumani. Ni wa The Melodians, kundi la Jamaika, mwaka 1970, na kwao ulikuwa wimbo wa imani ya Rastafari. Wengi walioucheza kwenye disko hawakuwahi kulisikia jina la The Melodians.

Wanaofanya kazi ya kuhifadhi muziki husema sauti bila maelezo yake ni nusu ya kumbukumbu. Nani anaimba, lini, wapi, kwa ajili ya nani. Kwa kaseti ya bibi, maelezo hayo yapo sehemu moja tu, vichwani mwa watu walio hai.

Kilichofanya Boney M. wasipotee

Wakubwa nao hupoteza. Juni 1, 2008, moto uliunguza sehemu ya eneo la studio za Universal huko Hollywood, na humo kulikuwa na ghala la kanda mama za muziki. Ukubwa wa hasara ulikuja kufahamika kwa umma mwaka 2019, gazeti la New York Times lilipoandika habari zake, ingawa kampuni ilisema hasara haikuwa kubwa kiasi hicho. Mwaka huohuo wa 2019 mtandao wa MySpace ulikiri kwamba muziki uliopakiwa na watumiaji wake kwa miaka 12, kuanzia 2003 hadi 2015, ulikuwa umepotea wakati wa kuhamisha kompyuta zake. Nyimbo zilizotajwa kupotea zilikuwa takriban milioni 50. Maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive iliweza kurudisha karibu 490,000 tu, kwa sababu watafiti walikuwa wamezinakili zamani kwa shughuli nyingine kabisa.

Wimbo wa Boney M. hauwezi kupotea kirahisi hivyo. Kampuni ya Sony inazo haki zake, santuri zimo katika nyumba za watu kila bara, CD zilifuata, na majukwaa yote ya kusikiliza muziki yana nakala. Moto ukiunguza ghala moja, bado upo kwingine.

Muziki wetu haukupata bahati hiyo. Baada ya uhuru, bendi za dansi na vikundi vya taarabu vya Tanzania vilirekodiwa kwa wingi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchini hakukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo waliotaka santuri walipanda basi kwenda Nairobi, na nyimbo nyingi hazikuwahi kuwa santuri kabisa. Zilibaki kwenye kanda kubwa za magurudumu katika maktaba ya redio, ambayo leo imo mikononi mwa TBC. Wapo waliojitahidi kuokoa. Ketebul Music ya Nairobi imetoa vitabu na rekodi za benga na miziki mingine ya Kenya, na mfululizo wa Zanzibara wa Ufaransa umerudisha sokoni taarabu na dansi ya zamani. Kazi nzuri, lakini ni tone tu.

Ndiyo maana rekodi za nyumbani zina maana kuliko wenyewe wanavyodhani. Uingereza, shirika la BBC lilifuta kanda nyingi za tamthilia ya watoto Doctor Who za miaka ya 1960 ili kuzitumia tena. Picha za makumi ya sehemu hazijapatikana, lakini sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo leo, kwa sababu kulikuwa na vijana waliokuwa wakirekodi televisheni sebuleni kwa mashine zao wenyewe. Huenda kipindi cha salamu cha mwaka 1983 ambacho redio yenyewe haina, kipo kwenye katoni ya mtu Tabora.

Kuifungua katoni

Kanda si chuma. Ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku kwa gundi, na gundi hiyo haipendi joto wala unyevu. Pwani ni pabaya zaidi. Ukifungua ukaona unga mweupe pembeni ya utepe, hiyo ni ukungu, na kuicheza ni kuchafua mashine na kuieneza kwenye kanda nyingine. Iweke kando ndani ya mfuko wake, itahitaji kusafishwa na anayejua. Nyingine hufa kwa sababu ndogo: kile kipande cha sponji kinachobana utepe kimebanduka. Kwa kuwa kanda nyingi zimefungwa kwa skrubu tano, fundi huhamishia utepe kwenye ganda la kanda nyingine nzima. Yule aliyefungiwa kwa gundi ndiye anayehitaji mkono mwepesi na wembe.

Kabla ya kucheza chochote, vunjeni vile vidoto viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda. Vikiwa vimevunjwa, mashine haiwezi kurekodi juu yake. Sauti ngapi za wazazi zimefutwa na mtoto aliyebonyeza kitufe chekundu kwa udadisi, hakuna anayejua.

Redio kaseti yenyewe huenda haizunguki. Mara nyingi ni mpira wa ndani umelegea au kuyeyuka, na fundi redio mwenye umri mkubwa bado anao. Vijana wa simu watakuambia haifai tena, usiwasikilize. Ikizunguka, sugua kichwa chake cha kusomea kwa pamba iliyolowekwa spiriti kidogo, usubiri ikauke. Jaribuni kwa kanda isiyo na thamani kwanza. Ikiwa mashine ni ya kula kanda, na ile ya Boney M. bahati nzuri inapatikana kila mahali.

Kuhamisha sauti si utaalamu mkubwa. Waya unatoka kwenye tundu la spika za masikioni la redio kaseti kwenda kwenye kompyuta. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja lililokusudiwa maikrofoni, ambalo hupokea upande mmoja wa sauti na kuinguruma, hivyo ni heri kununua kifaa kidogo cha sauti cha USB chenye tundu la kuingizia. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Sauti isipande hadi kwenye rangi nyekundu. Kisha ni kuwasha kanda na kungoja, kwani hakuna njia ya mkato: kanda ya dakika 60 inachukua dakika 60.

Anayeona haya yote ni mengi, akaweka tu simu mbele ya spika na kurekodi, amefanya vibaya lakini amefanya. Rekodi mbovu ya simu ni bora kuliko kanda nzuri iliyoliwa na panya.

Hifadhini kwanza katika WAV, ambayo haibani sauti. Inachukua takriban MB 10 kwa dakika, yaani kanda ya saa moja ni kama MB 600. Kutoka hapo tengenezeni nakala ya MP3 ya kugawa kwa ndugu, ambayo kwa kiwango cha kawaida ni kama MB 60 kwa kanda hiyohiyo. Kishawishi cha kusafisha mchakacho kizuieni, au kifanyike kwenye nakala peke yake. Mchakacho ukifutwa hovyo huondoka na pumzi za msemaji, na jogoo aliyewika nyuma.

Kisha nakala ziwe tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba. Flashi peke yake si hifadhi, na zile za kariakoo zilizoandikwa GB 512 kwa bei ya soda hazina nafasi hiyo, zinapokea faili na kulimeza. Simu huibwa. Akaunti ya bure ya Google Drive ina GB 15, zinazotosha kanda ishirini hivi za saa moja kwa WAV, na ndugu aliye mji mwingine na diski yake ni bora zaidi. Kwenye kundi la familia la WhatsApp mkitaka kutuma, tumeni kama dokumenti, vinginevyo sauti inaweza kubanwa njiani. Na kundi hilo lisihesabiwe kama hifadhi. Mtu akibadilisha simu, hasa wale wajomba wasiokumbuka nywila, yote hupotea.

Jina la faili liseme kitu. "Audio 001" haimsaidii mtu wa mwaka 2050. Andikeni mwaka, anayesema na upande wa kanda. Pigeni picha ganda na mwandiko uliopo, kwa sababu mwandiko nao ni wa mtu.

Msisikilize mkiwa wengi

Jambo moja familia husahau katika furaha ya kuipata kanda. Barua ya sauti ilikuwa barua. Bibi alimwambia mwanawe mambo ambayo hakukusudia mjukuu ayasikie: deni la nani, ugomvi wa shamba, mtoto aliyezaliwa nje, neno kali kuhusu mkwe ambaye leo ni mama wa nyumba. Kwa hiyo asikilize kwanza mtu mmoja, aliyeandikiwa barua au mtu mzima anayeaminika, ndipo iamuliwe kipi kiende kwa wote. Kuhifadhi na kusambaza ni mambo mawili.

Na kama msemaji yupo hai, aulizwe. Wazee wengine hulia wakisikia sauti zao za ujanani, wengine hucheka, na wengine husema zima. Akisema zima, zimeni, faili libaki.

Muhimu kuliko vyote ni kumketisha mtu anayejua sauti za humo. Mtoto wa darasa la saba na kalamu yake anaweza kuwa mwandishi: dakika ya tatu anayekohoa ni nani, huyo anayeimba nyuma ni shangazi yupi, mbona wanamwita jina hilo, hiyo mvua ilikuwa ya mwaka gani. Kanda inaweza kungoja miaka mingine mitano, pengine kumi ikiwa kabati ni kavu. Mwenye majibu ana miaka 81 na sukari.

Mfanye Jumapili mchana, umeme ukiwepo. Redio kaseti mezani, waya kwenye kompyuta, babu kwenye kiti chake. Upande A ni Boney M., na kwa kuwa upo kila mahali hauna haja ya kuhamishwa, ila babu atataka usikilizwe hadi pale unapokatika. Kisha mtu ainuke, aitoe kanda, aigeuze.